Ndege wa ziwani wanakufa mwaloni, mafua ya ndege yanafuatiliwaje huku kwetu?

MamaBanda_Mwanza

Wadau habari zenu, naomba mawazo hasa kwa madaktari wa mifugo mliomo humu. Mimi nipo Igombe huku Mwanza, nina kuku wa mayai na bata wachache, bata wanashinda ziwani jioni wanarudi wenyewe bandani. Sasa tangu juzi vijana wa dagaa wanaleta habari kwamba kule mwaloni kuna vile vindege vyeupe vya msimu, vile vinavyokujaga makundi makubwa vikizunguka zunguka juu ya maji, vimekutwa vimekufa kwenye matete, siyo kimoja siyo viwili. Watoto wanaviokota wanachezea, mbwa wanakula, na kuna mzee kaniambia kabisa kwamba wapo watu wamebeba wakaenda kupika.

Nilivyosikia nikakumbuka ile ya Uganda mwaka 2017, ndege walikufa kule karibu na Entebbe halafu ikaja kutangazwa ni mafua ya ndege, na ziwa ni hili hili. Nikaenda kwa mhusika wa mifugo wa hapa kwetu, jibu nililopata ni kwamba kuku wangu wakianza kuumwa ndio nirudi. Yaani tunakaa tunasubiri mpaka kuku waanze kudondoka ndio tujue kuna tatizo? Kuna mtu yeyote anayewaangalia hawa ndege wa porini au ndio hakuna?

Na maswali mengine naomba niyaweke hapa hapa. Bata wangu wazima kabisa wanakula vizuri, kuna haja ya kuwafungia? Jirani kuna hoteli wana korongo taji wawili wanatembea bustanini, wale nao wanapimwa na nani? Na la mwisho ambalo ndilo linaninyima usingizi, nikipeleka taarifa rasmi halafu wakaja kukuta ni kweli, wanakuja kuua kuku wangu wote? Mtaji ule ni mkopo wa kikundi, tupo kina mama kadhaa ndani yake, sasa mtu unajiuliza niseme au ninyamaze. Naomba majibu ya kweli jamani.

---

DktMifugo_Kanda

Dada asante sana kwa kuleta hii, na kwanza kabisa umefanya jambo sahihi kuliko watu wengi. Mimi ni daktari wa mifugo, nimefanya kazi ya kuchukua sampuli kanda hii, nitakujibu kwa urefu maana maswali yako ndiyo yenyewe.

Hiyo kumbukumbu yako ya Uganda ndiyo mfano mzuri zaidi tulionao ukanda huu. Mwanzoni mwa Januari 2017 watu wa ufukweni Lutembe, kwenye ghuba ile karibu na Entebbe, waliona ndege wa maji wamekufa wengi. Wengi walikuwa wa aina hiyo hiyo unayoieleza, wageni wa msimu kutoka Ulaya na Asia. Sampuli zikapelekwa maabara hapo hapo Entebbe, na katikati ya mwezi serikali ikatangaza, kirusi kilikuwa H5N8. Kikapatikana pia kwenye kuku na bata wa kufugwa upande wa Masaka na visiwa vya Kalangala. Sasa angalia mpangilio wake, habari ilianza kwa watu wanaoishi na maji kila siku, kabla ya mtu wa ofisini. Kwa hiyo jibu la kwamba subiri kuku waumwe siyo jibu, ndege wa porini wakifa kwa wingi bila sababu inayoeleweka hiyo tayari ni taarifa inayotakiwa kupokelewa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inataka magonjwa haya yatolewe taarifa mtu anapoyashuku tu, hakuna panaposema mpaka uwe na uhakika.

Kufuatilia ugonjwa huu kuna njia mbili na zote zinahitajika. Ya kwanza ni kupokea taarifa za vifo na kupima wale waliokufa au wanaoumwa. Ya pili ni kutoka kwenda kutafuta, unaenda sokoni kwenye kuku hai, unaenda kwenye mabanda, unaenda kwenye maeneo oevu, unachukua sampuli kwa ndege wazima. Ukitaka kujua kama kirusi kipo kwenye kundi ambalo angalau ndege mmoja kati ya kumi ameambukizwa, ukipima 30 una uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja. Ukitaka kukamata hata kama ni mmoja kati ya ishirini unahitaji kama 60. Ndio maana ukisikia timu imekuja imepima kuku watano imeondoka na kusema hakuna kitu, hapo bado hujaambiwa chochote.

Sampuli zenyewe ni swabu, kile kijiti chenye pamba, unapitisha kooni na kingine kwenye tundu la choo, unaweka kwenye kichupa chenye maji maalumu ya kutunzia kirusi, unaweka kwenye kulboksi yenye barafu, unakimbiza maabara. Huku kwetu kuna kituo cha TVLA, yaani wakala wa maabara za mifugo wa serikali, hapa Mwanza, na maabara kuu ipo Temeke, Dar es Salaam. Kipimo ni PCR kama kile cha korona, kwanza wanatafuta kama kuna kirusi chochote cha mafua aina ya A, kikionekana ndio wanauliza ni H5 au H7, maana hizo mbili ndizo zinazoweza kubadilika kuwa kali na kuteketeza banda zima. Kuna vingine vingi vya mafua ndege wa maji wanatembea navyo maisha yao yote bila shida.

Na hapo nije kwa bata wako. Bata anaweza kubeba kirusi, anakitoa kwenye kinyesi, anaonekana mzima kabisa, anarudi jioni analala pembeni ya kuku. Kuku hana ujanja huo, kikimpata kile kikali anakufa ndani ya siku chache, wakati mwingine hata dalili huoni. Kwa hiyo ndiyo, wafungie bata leo, na wawe mbali na kuku, chombo cha maji kila mmoja chake, na maji ya ziwa usiwape kuku hivi hivi bila kutia dawa ya klorini.

Kitu kingine kinachotuumiza huku ni kideri, ule mdondo wa kuku. Kuku wakifa wengi kila mtu anasema kideri, mfugaji anasema kideri, afisa anaandika kideri, na dalili kweli zinafanana, kuvimba kichwa, upanga na ndevu kuwa zambarau, kuharisha, shingo kupinda, kukohoa. Kwa macho huwezi kutofautisha hata ukiwa na shahada tatu. Ndio maana mimi huwa nawasihi watu wachanje kideri kila miezi mitatu, ile chanjo ya I-2 ya matone jichoni ni bei nafuu na haiharibiki haraka kwa joto. Kuku waliochanjwa vizuri wakifa kwa wingi hapo hapo unajua hii siyo ya kawaida, na hiyo yenyewe ni njia ya kufuatilia.

La kuua kuku wote sitakudanganya. Likithibitishwa ndani ya banda lako, ndiyo, kuku wa banda hilo huuawa, hiyo ni dunia nzima. Lakini ndege wa porini kukutwa na kirusi ufukweni hakumaanishi wanakuja kukuulia kuku, inamaanisha wanakuja kupima na kukuambia uwafungie. Na suala la fidia nitaomba wengine nao waseme, maana naona ndilo linalofunga midomo ya watu.

---

Busia_Trei

Daktari umeongea poa sana. Mimi niko Busia upande wa Kenya, biashara yangu ni mayai na kuku, na hiyo 2017 ilitupitia vibaya mno. Serikali yetu ilifunga kuku na mayai na vifaranga kutoka Uganda Januari hiyo hiyo, na mimi sipingi kwamba walifunga, ugonjwa ni ugonjwa. Chenye nilikiona na macho yangu ni kwamba mpaka mkubwa ulifungwa lakini njia za panya hazikufungwa, mayai yaliendelea kuingia usiku kwa bodaboda, tena sasa bila cheti chochote, bila mtu kuangalia yametoka wapi. Kabla ya hapo angalau ungeuliza mtu hii trei imetoka shamba gani akuambie.

Kwa hivyo maoni yangu, kama mnataka kujua ugonjwa uko wapi kaeni sokoni. Soko la kuku hai linakusanya kuku kutoka wilaya kumi tofauti kwa siku moja, wanakaa kwa kreti moja juu ya nyingine, bata chini kanga juu, wengine hawauzwi wanarudishwa nyumbani jioni. Mtu akija na hizo swabu zake kila mwezi akapanguse kreti, akapanguse mbao za kuchinjia, hata kuku mwenyewe hana haja ya kumshika, anajua hali ya mkoa mzima. Na wafanyabiashara hawatakataa wakiambiwa mapema kwamba kikipatikana kitu soko litafungwa kuoshwa siku kadhaa halafu litafunguliwa, wanakataa kwa sababu wanaogopa litafungwa milele.

Na nyinyi ndugu zetu wa Tanzania msisahau vile vifaranga 6,400 vya kutoka kwetu vilichomwa Namanga mwaka huo huo 2017, na sababu moja iliyotolewa ilikuwa hii hii ya mafua ya ndege. Iliuma watu sana. Nasema hivi si kwa kuanzisha vita ya nchi na nchi, nasema kwa sababu mwenye vifaranga akiona hivyo, kesho atapita msituni, na daktari hatamwona tena. Wangepimwa kwanza ingekuwa bora kwa pande zote.

---

kokoriko

mbona kuku wa kienyeji wana kinga yao, haya magonjwa ni ya kuku wa kisasa, babu zetu walifuga na ndege wa ziwani wakaishi nao miaka yote

---

DktMifugo_Kanda

@kokoriko hapana ndugu yangu, na hii naomba isambazwe kwa nguvu. Kuku wa kienyeji anavumilia mambo mengi lakini H5 kali haichagui, inaua wa kienyeji na wa kisasa sawa sawa. Ukoo wa kirusi tunachohangaika nacho leo ulionekana mara ya kwanza kwa bata bukini huko Guangdong China mwaka 1996, kwa hiyo babu zetu hawakukutana nacho. Mwaka 1997 kiliua watu 6 kati ya 18 walioambukizwa Hong Kong. Afrika kimeingia 2006, Nigeria ikawa ya kwanza kutangaza, kwenye shamba kubwa kule Kaduna, siyo kwa ndege wa porini, halafu Misri mwezi huo huo. Misri mpaka leo hawajakitoa japo wanachanja, na chanjo hiyo ndio sababu nyingine ya kupima sana, maana kuku aliyechanjwa anaweza kukibeba bila kufa ukadhani umeshinda. Wafaransa walipoanza kuchanja bata Oktoba 2023 waliweka na masharti ya kuwapima mara kwa mara, bila hivyo chanjo inakufumba macho.

@Busia_Trei hoja yako ya kupangusa kreti na mbao sokoni naiunga mkono asilimia zote, imefanyika sehemu nyingi duniani na inafanya kazi.

---

MhesabuNdege

Salamu kwenu. Mimi siyo daktari, mimi ni mtu wa kuhesabu ndege wa maji, kila Januari tunakuwa na hesabu inayofanyika nchi nyingi kwa wakati mmoja, na sisi upande wa Musoma na ghuba ya Speke tunashiriki. Mama, hao vindege vyeupe kwa maelezo yako nadhani ni buabua, wale wenye mabawa meupe, wanazaliana Ulaya ya mashariki mpaka Asia halafu wanakuja kushinda ziwani kuanzia mwisho wa mwaka mpaka kama Aprili. Lutembe pekee huwa wanalala maelfu kwa maelfu, eneo lile ni la Ramsar, yaani oevu linalotambuliwa kimataifa. Kwa hiyo kinachotokea Siberia majira ya kiangazi kwao kinaweza kufika Igombe kabla ya Krismasi, na mtu anayejua tarehe za kuja na kuondoka kwa ndege anajua ni miezi gani ya kukaza macho. Hiyo ndiyo kazi ambayo sisi wahesabu tunaweza kuwapa madaktari bure kabisa na mara nyingi hawatuulizi.

Taarifa ya ndege waliokufa ina thamani ukiandika vitu vichache, ni ndege gani au picha yake ionekane mdomo na miguu, wangapi, wapi kwa jina la mwalo au alama ya ramani ya simu, na je kuna walio hai wanaoonyesha dalili, maana hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko zote. Ndege mwenye mafua makali unamkuta anazunguka mahali pamoja, kichwa kimepinda, hawezi kuruka, hakimbii hata ukimsogelea. Na angalia wanaokula mizoga, furukombe, kunguru, wakianza kufa na wao basi jambo ni zito.

Lakini pia naomba tusikimbilie kusema ni mafua kabla ya kipimo. Ndege wanakufa kwa mvua ya mawe, wanakufa kwa sumu ya maji machafu yenye joto, na kuna watu wanawatega kwa sumu za kilimo ili wauze nyama, kule Bunyala Kenya kwenye mashamba ya mpunga hilo limeandikwa miaka mingi, wanatumia furadani. Mtu akila ndege wa namna hiyo naye anakula sumu. Kwa hiyo iwe mafua iwe sumu, hao watoto na hao waliobeba wakapike wote wako hatarini, mwenyekiti wa mtaa atangaze leo leo watu waache.

Na ombi langu kubwa, msije mkaanza kuwapiga mawe ndege au kukata miti wanayolala. Inafanyika kila mahali habari hizi zikitoka na inaleta madhara, maana ndege ukimfukuza kundi linatawanyika linaenda kulala mwalo mwingine, na kama wana kirusi umekisafirisha wewe. Pale Djoudj Senegal Januari 2021 walikufa mwari kama 750 hivi kwenye hifadhi, walinzi wa hifadhi ndio walioona mapema, hifadhi ikafungwa kwa wageni, mizoga ikachukuliwa ikateketezwa, sampuli zikaonyesha H5N1. Ile ya walinzi wanaozunguka kila siku na mtumbwi haina mbadala, hakuna mashine inayofanya hivyo.

---

Mbongo_Norfolk

Dada mimi niko Uingereza, nafanya kazi kwenye mashamba ya batamzinga huku Norfolk, na mwisho wa 2022 ilikuwa balaa ambayo sijawahi kuiona, shamba baada ya shamba. Naomba nijibu lile la fidia kwa sababu huku ndipo nilipoona jinsi linavyobadilisha watu.

Huku mfugaji akishuku anapiga simu, daktari wa serikali anakuja, shamba linafungwa hapo hapo. Ikithibitishwa wanachora duara la kilomita 3 na lingine la kilomita 10, ndani ya hayo maduara ndege hawatoki bila kibali na mashamba mengine yanakaguliwa. Serikali inalipa fidia lakini kwa ndege waliokuwa wazima pale wanapouawa, aliyekwisha kuumwa au kufa halipwi. Sasa fikiria maana yake, ukichelewa siku mbili ukijipa moyo labda ni baridi tu, ndege wako wanaumwa na fidia inayeyuka mbele ya macho yako. Kwa hiyo watu wanapiga simu asubuhi ile ile wanapoona maji ya kunywa yamebaki au mayai yamepungua. Mimi naamini kabisa kwetu tungekuwa na kitu cha hivyo, hata kidogo, dada asingekuwa anajiuliza aseme au anyamaze.

Kitu kingine, kuanzia 1 Oktoba 2024 hapa England kila mwenye ndege hata kuku mmoja wa uani lazima ajiandikishe, isipokuwa wale wa ndani ya nyumba wasiotoka kabisa kama kasuku wa kwenye tundu. Lengo ni kwamba ugonjwa ukitokea wajue mabanda yote yako wapi. Na kuanzia 7 Novemba 2022 mpaka Aprili 2023 England nzima ndege wote wa kufugwa walitakiwa wakae ndani. Kwa ndege wa porini raia wanaripoti wenyewe, wanapokea taarifa ukikuta ndege mla nyama mmoja au bundi, au shakwe au bata watatu, au ndege watano wa aina yoyote. Hawachukui wote, wanachagua wa kupima, na matokeo wanayaweka wazi kila mtu asome. Hilo la kuweka wazi ndilo ninalolipenda zaidi, maana bila hivyo raia hana sababu ya kupiga simu mara ya pili.

---

MtunzaNdege_Ar

Naomba niingie kwenye hilo la korongo taji maana ndiyo kazi yangu, natunza ndege kwenye bustani ya wanyama huku Arusha na moyo wangu upo pale.

Ndege wa kufungiwa wanasahaulika kila mahali. Siyo kuku kwa hiyo afisa mifugo haoni kama ni wake, wala siyo wa porini kwa hiyo watu wa wanyamapori nao wanaona yuko kwenye hoteli ya mtu. Halafu bwawa la hoteli liko wazi juu, jioni wanatua bata wa porini na yangeyange wanakunywa humo humo, chakula cha korongo kimemwagwa chini kila ndege anakuja kula. Hapo ndipo mahali pazuri kabisa kwa kirusi kuhama. Bonde la Hula kule Israel mwisho wa 2021 walikufa korongo zaidi ya 5,000, na pale walikuwa wanalishwa mahindi mahali pamoja ili wasiharibu mashamba, wakasongamana. Korongo ni ndege anayeumia sana na ugonjwa huu, na hawa wetu wa taji tayari wako hatarini kupotea kwa kukamatwa na kuharibiwa mabwawa yao.

Sisi tunachofanya, kila ndege ana pete na daftari lake, anayepunguza kula anaandikwa siku hiyo hiyo, akifa hafukiwi mpaka apimwe. Mgeni mpya anakaa peke yake mwezi mzima kabla ya kuchanganywa. Chakula kinawekwa chini ya paa, na anayetoka kwa kuku wake nyumbani haingii kwa korongo bila kubadilisha viatu. Hakuna kinachohitaji hela nyingi hapo. Wamarekani mwaka 2023 walipoteza tumbusi 21 wa aina ya kondori ya California, ambao wamebaki mia chache tu duniani, ikabidi wapewe chanjo ya dharura, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu kila ndege anajulikana kwa namba yake. Mama nenda kaongee na hiyo hoteli kwa upole, mwambie mwenye nayo kwamba korongo wake anaweza kuwa wa kwanza kufa na pia wa kwanza kuleta ugonjwa kwa kuku wako.

---

MamaBanda_Mwanza

Nawashukuru sana wote, nimesoma kila neno, nimewasomea na wenzangu wa kikundi. Bata wamefungiwa tangu jana. Mwenyekiti ametangaza kwa spika watoto wasiguse. Ya fidia imetugusa sana, tumeona bora kusema sasa wakati kuku ni wazima kuliko kusubiri. Daktari nina mawili, je mayai yangu yanaweza kuliwa, wateja wameanza kuuliza. Na la pili kuna kijana ana mzoga mmoja mpya amekuta asubuhi hii, bado haujanuka, anasema auweke kwenye friza ya duka la soda mpaka mtu aje. Aweke?

---

DktMifugo_Kanda

Dada usiache auweke kwenye friza ya soda, kwa sababu mbili. Moja, ni chombo cha chakula cha watu. Mbili, kugandisha kwenye friza ya kawaida na kuyeyusha kunaharibu kirusi na maabara inaweza kukosa jibu. Tunachotaka ni ubaridi wa barafu bila kuganda.

Afanye hivi. Avae glovu, kama hana avae mifuko miwili ya plastiki mkononi, na kitambaa au barakoa puani. Auchukue bila kuubinya, auweke kwenye mfuko, afunge, auweke kwenye mfuko wa pili, afunge tena, aandike tarehe na jina la mwalo kwa kalamu. Uende kwenye ndoo yenye barafu na kifuniko, kivulini, mbali na chakula. Asinyonyoe wala asipasue. Anawe kwa sabuni mpaka viwikoni na nguo zile zifuliwe, viatu avipige maji ya klorini. Mizoga mingine iliyobaki kwa sasa msiiguse, zuieni mbwa tu, timu ikija itaamua ichomwe au ifukiwe wapi, isiwe karibu na maji.

Piga picha za ndege wote kama alivyoeleza MhesabuNdege, mpe daktari wa mifugo wa wilaya moja kwa moja, siyo wa kata, maana maafisa wengi wa wilaya wana ile programu ya EMA-i ya kuripoti magonjwa ya mifugo, ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kwenye simu, taarifa inaingia siku hiyo hiyo na alama ya mahali. Mimi nakutumia namba ya ofisi ya kituo chetu inboksi sasa hivi, na mimi mwenyewe nimeshawapigia wenzangu kwamba kuna jambo Igombe. Mkiona mmesubiri sana bila mtu kuja niandikie hapa hapa.

Mayai kwa sasa uza, kuku wako hawana dalili. Waambie wateja wapike mpaka kiini kigande, nyama nayo iive kabisa ndani mpaka isiwe na wekundu, nyuzi 70 zinakiua kirusi. Hatari kubwa haipo kwenye sahani, ipo kwa mtu anayemchinja na kumnyonyoa kuku anayeumwa. Tangu 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitishwa kupata H5N1 na karibu nusu walifariki, na wengi walikuwa wameshika ndege wagonjwa. Hiyo H5N8 ya Uganda nayo, baadaye Urusi walitangaza mwaka 2021 kwamba wafanyakazi 7 wa shamba la kuku waliambukizwa, wao hawakuonyesha dalili. Kwa hiyo yule kijana na wale watoto, na waliokula, kama kuna atakayepata homa na kikohozi ndani ya siku kumi hivi aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba alishika ndege waliokufa, asinyamaze akapewa dawa ya malaria akarudi nyumbani.

---

MamaBanda_Mwanza

Ndoo ya barafu ipo tayari, kijana amefanya kama ulivyosema. Daktari wa wilaya amepokea simu, anasema timu inatoka mjini mchana huu na swabu na watapima pia bata na kuku wetu. Nimewaambia waje.

---

Busia_Trei

Madam tuwekee majibu yakitoka, yawe mazuri yawe mabaya, huku mpakani tunayahitaji kuliko vile unafikiria.

---

MamaBanda_Mwanza

Nitayaweka hapa hapa.